Jinsi ya kuchora visukuku vya baharini ukiwa hapa Nairobi, mpaka umjue mnyama mwenyewe

Nairobi haina bahari na chini ya miguu yetu hakuna hata amonaiti mmoja, yule mnyama wa bahari ya kale mwenye gamba la kuviringika, ambaye leo anapatikana kama kisukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe. Hii ni ardhi ya volkano, ukichimba msingi wa nyumba huku Umoja unapata udongo mweusi wa kunata halafu jiwe gumu la lava na basi. Hilo lilinivunja moyo mwanzoni kwa sababu mi nawapenda sana wanyama wa bahari ya kale, na nlidhani lazima mtu awe profesa ama akae Mombasa ndo awajue vizuri. Si kweli. Unahitaji jiwe moja, penseli, na moyo wa kukaa na hilo jiwe masaa mawili matatu simu ikiwa mbali, na nataka niwaonyeshe vile mi hufanya kwa sababu nafundisha watoto wa mtaani kwetu kuchora kila Jumamosi na nimeona inaingia hata kwa mtoto wa miaka kumi.

Kwanza tuelewane. Huku hatuchori picha ya kutundika ukutani. Kila mstari unaouweka kwenye karatasi ni jibu la swali, yaani lazima ujue huo mstari ni ukingo wa gamba, ama ni ufa, ama ni ukuta wa chumba cha ndani, ama ni kivuli tu kimekudanganya. Ukipiga picha simu inabeba vyote bila kuuliza. Mkono hauwezi, mkono unasimama pale penye haujaelewa, na hapo unaposimama ndo penye kuna somo. Mi amonaiti wangu nilimpiga picha labda mara hamsini na sikuwa najua chochote juu yake mpaka nilipomchora.

Jiwe lenyewe unatoa wapi

Langu ni la Madagaska, shangazi aliniletea, ni amonaiti aliyekatwa katikati kama kitunguu na kung'arishwa, na wa aina hii wanauzwa sana kwenye maduka ya mawe ya mapambo duniani kote. Wengi wao wana miaka kama milioni 110. Kama hauna, usikate tamaa, angalia sakafu na kuta za majengo makubwa mjini, zile za vigae vya chokaa rangi ya krimu kutoka nje ya nchi mara nyingi zimejaa visukuku vilivyokatwa na msumeno na watu wanavikanyaga tu wakienda lifti. Kuna jengo moja nlingoja mtu karibu na dawati la mapokezi na nikachora amonaiti wawili na belemnaiti mmoja (ndugu wa kale wa ngisi) kabla ya mwenyewe kufika, askari akaja kuuliza nafanya nini, nikamwonyesha, akainama naye akaanza kutafuta.

Mawe ya mazeras tunayoweka kwenye lango na njia ya gari usiyasumbue, hayo ni mawe ya mchanga na miamba yake hujulikana kwa miti iliyogeuka mawe, amonaiti huko hutapata. Lakini ukienda pwani, jiwe la matumbawe lililojenga nyumba za Mji wa Kale Mombasa ni visukuku kila sehemu, mwamba ule ulikuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na ukisimama karibu na ukuta usiopakwa chokaa unaona vile vyumba vidogo vya matumbawe vimepangana kama sega la nyuki. Na miamba ya nyuma ya Mombasa, kuelekea bara, ni ya kipindi cha Jurasiki, enzi ya dinosau, amonaiti wametoka huko na wamesomwa na wanasayansi miaka mingi.

Hapo niweke neno moja la maana sana. Ukikuta kisukuku ardhini Kenya, usikibebe na usikichimbe. Kuna sheria, ile ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006, inavilinda, na hata bila sheria kisukuku kikishang'olewa mahali pake kinapoteza nusu ya habari yake. Kichore hapo hapo, piga picha ukiwa umeweka rula kando, andika mahali, halafu waambie watu wa Makumbusho. Kuchora hakuchukui kitu, ndo maana naipenda hii kazi.

Na kama hata sakafu hauna, taasisi kama Smithsonian ya Marekani wameweka visukuku vyao kwenye intaneti kwa umbo kamili, unavizungusha na kidole bure. Vinasaidia, ila anza na jiwe la kushika kama unaweza. Uzito wake unafundisha pia.

Vifaa

Vichache. Penseli ya HB na moja ngumu ya 2H, raba laini, rula ya milimita, ile kompasi ya seti ya hesabu ya shule (ile tu ya mtoto wako), karatasi nyeupe zisizo na mistari, na tochi ya simu. Plastisini kidogo ya kushikilia jiwe lisibiringike, ama sahani ya mchanga. Basi. Usinunue vitu vya bei ukidhani ndo vitakuchorea.

Hatua ya kwanza ni kutazama, na hapa watu wengi wanaharakisha

Osha jiwe na maji na mswaki mlaini, likauke. Kaa nalo robo saa bila penseli. Lizungushe, pitisha kucha juu yake, tafuta upande wa mdomo, yaani pale gamba lilipokuwa wazi na mnyama akatokea. Wachoraji wa visukuku wana desturi ya kumweka amonaiti mdomo ukiwa juu, na mi nafuata hiyo, ukichora kumi zote zikiwa zimeelekea upande mmoja unaweza kuzilinganisha bila kupinda shingo.

Halafu taa. Zima taa ya juu ya chumba, weka tochi ya simu kona ya kushoto ya juu ya karatasi, ikiwa imelala karibu na meza, mwanga upite juu ya jiwe kwa kulalia. Utashtuka. Mbavu za gamba ambazo mchana hazionekani zinasimama kama matuta ya shamba la viazi. Kushoto juu ni desturi ya wachoraji wa sayansi pia, na mtu akizoea anajua moja kwa moja kilichoinuka na kilichobonyea, maana ukibadilisha upande wa mwanga katikati ya mchoro, tuta linageuka shimo na anayesoma anapotea.

Hatua ya pili, vipimo

Huku ndo penye mtu husema ah mi siwezi kuchora, na mi humwambia usichore, pima. Tia alama katikati ya mzunguko, pale gamba lilipoanzia. Vuta mistari minane kutoka hapo kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Kwa kompasi pima kutoka katikati mpaka ukingo wa nje kwenye kila kijiti, hamisha kwenye karatasi, tia nukta. Ukiunganisha nukta kwa mstari mwepesi wa 2H unapata mzunguko uliokamilika na mkono wako haujadanganya popote.

Ngoja niwape namba zangu. Kwenye ule upande uliokatwa, kutoka katikati mpaka ukingo wa nje nilipata milimita 50. Nusu mzunguko nyuma yake, upande wa pili, 34. Nusu nyingine nyuma, 23. Halafu 16, halafu 11. Chukua kikokotoo. 34 gawanya kwa 50 ni 0.68, 23 kwa 34 ni 0.68, 16 kwa 23 ni 0.70, 11 kwa 16 ni 0.69. Hiyo tofauti ndogo ni rula yangu tu. Yaani huyu mnyama tangu akiwa mdogo kama punje ya mtama mpaka amekuwa saizi ya kiganja alikuwa anakua kwa kanuni moja, hakubadilisha umbo, aliongeza tu, kwa sababu gamba la zamani hawezi kulibomoa ajenge upya, anajenga mbele yake. Hiyo sikuisoma mahali, niliipata nikitafuta njia ya kuchora mduara usiende kombo, na siku hiyo sikulala mapema.

Faida nyingine ya hiyo namba: pakivunjika unaweza kujua palikuwaje. Jiwe langu lina kipande kimemeguka, nikapiga hesabu ukingo ulipaswa kufika wapi, nikaweka mstari wa vipande vipande pale. Vipande vipande, si mstari kamili, nitaeleza kwa nini.

Geuza upande wa nje, kuna kitovu, lile shimo la katikati. Pima upana wake na upana wa jiwe zima. Langu kitovu ni milimita 17 na jiwe zima ni 84, kwa hivyo kitovu ni sehemu moja ya tano. Maana yake kila mzunguko mpya umeufunika ule wa zamani karibu wote. Kuna amonaiti wengine kitovu ni kipana na mizunguko yote inaonekana kama kamba iliyokunjwa. Ukichora wawili hao kando kwa kando utaona ni wanyama tofauti kabisa, ingawa mtu akiwaona haraka atasema wote ni konokono tu wa mawe.

Hatua ya tatu, ndani

Hapa msikimbie, hapa ndo utamu.

Ndani ya amonaiti aliyekatwa unaona vyumba vimepangana kufuata mzunguko, vidogo katikati na vikubwa kuelekea nje. Mnyama hakuishi kwenye vyote, aliishi kile cha mwisho tu, chenye mdomo. Akikua anasogea mbele na kujenga ukuta nyuma yake, na vile vyumba vya nyuma vinabaki na hewa na maji kidogo vya kumsaidia kuelea. Sasa jiwe linakuonyeshaje hayo? Angalia rangi. Kwenye jiwe langu vyumba vya nyuma vimejaa kalsaiti, fuwele za njano nyeupe zinazong'aa, na vingine vina uwazi kabisa katikati na fuwele zimeota kutoka ukutani kuja ndani kama meno. Lakini ile sehemu ya mwisho, karibu theluthi ya mzunguko, imejaa tope lililogeuka jiwe la kijivu, halina hata fuwele moja.

Nilichora hilo jiwe mara tatu kabla ya kujiuliza kwa nini. Mara ya tatu nikawa nataka kupaka kivuli, nikaona siwezi kutumia kivuli kimoja, ikabidi niamue mpaka wa kijivu na njano uko wapi hasa, na ukatokea ni ukuta mmoja kamili, wa mwisho kuliko zote. Ndo ikanijia. Mnyama alipokufa na nyama kuoza, chumba chake kilibaki wazi, tope la chini ya bahari likaingia likajaza. Vyumba vya nyuma vilikuwa vimefungwa, tope halikupata njia, maji tu ndo yalijipenyeza pole pole na madini yake yakaganda kuwa fuwele. Kwa hivyo ule mstari ni mlango wa nyumba ya mtu. Mbele yake aliishi, nyuma yake hakuishi. Uweke kwa HB, mzito kuliko kuta zingine, na uandike kando.

Kuta zenyewe ziangalie zimepinda upande gani. Mi nlikosea hapo vibaya, nlikuwa na picha ya nautilasi kichwani, yule ndugu yao wa mbali ambaye bado anaishi bahari za Asia na Pasifiki, na kuta zake zimekaa kama bakuli zinazotazama mdomoni, nikachora za amonaiti hivyo hivyo bila kutazama jiwe. Mtoto mmoja wa darasa langu la Jumamosi akaniambia, ticha, mbona yako imegeuka? Nikaangalia. Kwenye jiwe, ukuta umevimba kuelekea mdomoni, ni mgongo wa bakuli ndo unatazama mbele. Alikuwa sawa. Tangu siku hiyo tuna kanuni darasani: macho yakae kwenye jiwe muda mrefu kuliko yanavyokaa kwenye karatasi.

Kitu kingine cha kutofautisha nautilasi na amonaiti ni ule mrija. Kuna mrija mwembamba unapita kwenye vyumba vyote, ndo mnyama alitumia kuvuta maji kutoka vyumbani. Kwa nautilasi unapita katikati ya kuta. Kwa amonaiti karibu wote unapita ukingoni kabisa upande wa nje. Utafute na tochi, ni kidoti cheusi ama kamstari kembamba, hautauona kwenye kila chumba. Chora pale unapouona na uache wazi pale hauuoni.

Mshono

Ukigeuza upande wa nje wa jiwe lililong'arishwa unaona mapambo fulani kama majani ya dhania yamepangwa mstari baada ya mstari. Watu wengi huyachora kama maua ya juu ya gamba. Siyo. Huo ndo mshono, pale ukuta wa ndani ulipoungana na gamba, na unaonekana kwa sababu gamba la juu limeshasuguliwa likaisha. Yaani unachora kitu ambacho mnyama akiwa hai hakikuonekana kabisa kutoka nje. Kama gamba bado lipo, mshono hautauona, na usiuweke kwa sababu eti umeuona kwenye jiwe lingine.

Chukua mshono mmoja tu, usijaribu yote, utachoka. Weka karatasi ya kupitisha nuru juu yake, ile ya kufungia mandazi pia inafaa, ufuate kwa penseli iliyochongwa vizuri kutoka ukingo wa nje mpaka kitovuni. Tia mshale mdogo kwenye ukingo wa nje ukielekea mdomoni, hiyo ndo desturi, bila mshale mtu hawezi kujua mbele ni wapi. Mkono ukipita kwenye hizo kona zote unaelewa kwamba ukuta ule katikati ni laini kama sahani lakini ukifika ukingoni unakunjwa kunjwa kama upindo wa gauni la mtoto. Kwa nini? Wanasayansi bado wanabishana, moja ya sababu zinazotajwa ni kuimarisha gamba lisipondwe na uzito wa maji. Na umbo la mshono ndo linatumika kutambua amonaiti wa aina moja na nyingine, kwa hivyo huo mstari mmoja ukiuchora sawa una thamani kuliko picha nzima yenye vivuli vizuri.

Mistari mitatu, na isichanganywe

Hii ndo sheria yangu kubwa na watoto wanaijua kwa kichwa. Mstari kamili ni kile ambacho jiwe linacho. Mstari wa vipande vipande ni ukingo uliovunjika ambao umepiga hesabu ulipokuwa. Nukta ni kile unachokisia, kama nyama, mikono, macho. Mtu akichukua karatasi yako hata bila wewe kuwepo ajue umeona nini na umedhani nini.

Siongezi chumvi nikisema ni kubwa. Iktiosauri, wale reptilia wa baharini wenye umbo la pomboo, mifupa yao mingi ilipatikana uti wa mgongo ukiwa umepinda kwenda chini karibu na mwisho wa mkia. Watu walidhani mkia umevunjika baada ya kifo, na walioujenga upya wakaunyoosha, ukawa kama wa mjusi. Mwaka 1838 mwanasayansi Richard Owen wa Uingereza aliona kwamba kila mmoja amepindia mahali pale pale, akasema pengine palikuwa na pezi. Baadaye, miaka ya 1890, Ujerumani kule Holzmaden wakapata iktiosauri wenye kivuli cha ngozi kimebaki kwenye jiwe, na uti wa mgongo unaingia kwenye pembe ya chini ya mkia mkubwa wa umbo la mwezi mchanga. Kupinda kule kulikuwa ndo mkia wenyewe. Kwa hivyo ukiona kitu kimekaa vibaya kwenye kisukuku, kichore kikiwa kimekaa vibaya. Usirekebishe. Andika kando swali.

Nenda City Market

Sasa unataka kuweka nyama kwenye gamba. Amonaiti hawakuacha nyama, au tuseme ni nadra sana, hata idadi ya mikono yao haijulikani kwa hakika. Lakini ndugu zao wa karibu tunao, na si nautilasi, ni ngisi na pweza, amonaiti wako karibu na hao zaidi. Basi nenda City Market pale Muindi Mbingu, kwa wauza samaki, nunua ngisi mzima ambaye hajasafishwa. Mwambie kabisa asisafishe, la sivyo ataondoa kila kitu unachotaka.

Nyumbani mweke kwenye sinia, mchore nje kwanza, mikono minane mifupi na miwili mirefu. Halafu pasua joho, yaani ule mfuko wa mwili wake, kwa mkasi kutoka chini kwenda juu upande wa ule mrija mfupi ulio chini ya kichwa. Huo mrija ndo injini yake, anavuta maji ndani ya joho na kuyasukuma nje kwa nguvu akarudi nyuma kama roketi. Utaona matamvua mawili kama vitana vya manyoya, utaona kifuko cha wino kinang'aa kama zebaki (kitoe pole pole bila kukitoboa, kiweke kwenye kikombe, tutakihitaji), na ukivuta mgongoni inatoka ile kitu ngumu nyembamba kama plastiki. Ukifungua katikati ya mikono unapata mdomo mweusi kama wa kasuku. Amonaiti nao walikuwa na taya, zinapatikana kwenye visukuku, kwa hivyo hapo hata hukisii sana.

Chora kila kiungo peke yake na ukubwa wake. Halafu rudi kwenye mchoro wa amonaiti, kwenye kile chumba cha mwisho chenye tope, ujiulize hivi vitu vingepangikaje mle ndani. Tumia nukta. Kichwa na mikono mdomoni, mrija wa maji upande wa ukingo wa nje, joho limejikunja nyuma kuelekea ule ukuta mzito. Ngisi mwenyewe ukimaliza mkaange na vitunguu, asiharibike.

Ukitaka kuchora samaki wa kale, fanya hivyo hivyo na tilapia. Mchemshe, toa nyama yote, panga mifupa ya kichwa kwenye gazeti. Mtu aliyeshika mfupa unaofunika matamvua ya tilapia anautambua haraka kwenye jiwe la miaka milioni mia.

Na mchoro mbaya usiuonee haya mradi ni wa kweli. Tarehe 22 Desemba 1938 kule East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji aliona samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Akamchorea J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, mchoro wa haraka haraka na kuutuma kwa posta. Wenyewe uko rahisi sana, ila aliweka mapezi yaliyokaa kama viungo vyenye nyama, na mkia wenye kipande kidogo cha ziada katikati. Samaki alianza kuoza, viungo vya ndani vikatupwa ikabaki ngozi, lakini Smith alipoona ule mchoro tu alijua anaangalia silakanti, jamaa ambaye kila mtu aliamini alikwisha pamoja na dinosau. Na mwaka 2001 mmoja alinaswa huku kwetu, karibu na Malindi.

Andika, andika, andika

Chini ya kila mchoro weka: jiwe ni la wapi, nani analo, tarehe ya kuchora, rula ya milimita kumi iliyochorwa kwa mkono (usiandike tu ukubwa mara mbili, karatasi ikipigwa fotokopi itapungua na neno halitapungua), na mwanga ulitoka wapi. Turkana mwaka 1964, pale Loperot, ilipatikana pua ndefu ya nyangumi wa miaka milioni 17, kilomita kama 740 kutoka bahari ya leo. Ikapelekwa Marekani, ikapotea kwenye stoo miaka na miaka, mpaka 2011 ndo ikaonekana tena. Mwaka 2015 utafiti mpya juu yake ulipochapishwa ukasaidia kueleza ni lini ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuinuka, kwa sababu nyangumi hawezi kupanda mlima, lazima aliingia na mto wakati huko kulikuwa chini. Kisukuku kikubwa hivyo kinaweza kupotea, sembuse karatasi yako isiyo na jina.

Mwisho, wino

Kile kifuko cha ngisi ulichoweka kwenye kikombe, kitoboe sasa. Ongeza maji kijiko kimoja cha chai, koroga, chuja na kipande cha kitambaa cha leso ya zamani, tia gundi kidogo ya mgunga iliyolowekwa, ile inayotoka maeneo ya ukame huko kaskazini, ndo wino ushike karatasi. Tumia siku hiyo hiyo maana kesho utanuka. Kule Lyme Regis, Uingereza, mtafuta visukuku Mary Anning aligundua kwamba belemnaiti wengine bado wana vifuko vyao vya wino ndani ya jiwe, na rafiki yake Elizabeth Philpot akausaga ule wino mkavu wa miaka karibu milioni 200, akauchanganya na maji na kuchora nao fuvu la iktiosauri wa mwamba huo huo. Mchoro wake wa mwaka 1833 bado upo.

Chovya kalamu ya nibu na upitishe wino kwenye mistari kamili peke yake. Zile za vipande na nukta ziache na penseli, ili siku jiwe lingine likikuonyesha kitu kipya uweze kuzifuta.